Sura ya Saba: Mtu wa Katikati

Muhuta, komine ya Burundi, imebanwa kati ya mlima na maji. Ukitoka Bujumbura unashika barabara ya taifa namba 3, ziwa Tanganyika likiwa mkono wa kulia, unapita Kabezi, unaingia Gitaza, kisha Magara, na ukiendelea unafika Rumonge mjini, mwendo wa kama kilomita 75. Ardhi tambarare ni chache. Nyumba nyingi zimejipanga kando ya lami, nyingine zimepanda mlimani penye mihogo na michikichi, nyingine zimeshuka hadi karibu na mchanga ambako mitumbwi ya ndagala huvutwa asubuhi. Kwa kuwa ardhi ni chache na Bujumbura haiko mbali, anayeuza nyumba hapa mara nyingi hamuuzii jirani. Humuuzia mfanyabiashara wa mjini anayetaka pa kupumzikia Jumapili, au mtoto wa hapa anayeishi Ubelgiji au Kanada, watu ambao asingewafikia peke yake. Ndipo anapohitajika mtu wa katikati, dalali, ambaye huku kwetu wengi humwita komisiyoneri.

Nchini Kenya kazi hii ina sheria yake tangu 1984, na ipo bodi inayosajili madalali wa nyumba. Mwenye shaka na mtu anaweza kuuliza kama jina lake limo. Kando ya ziwa letu komisiyoneri wengi wanaishi kwa simu na kwa kujulikana. Hawana kibao mlangoni, hawana namba ya usajili ya kukuonyesha, na nyumba unayotaka kumkabidhi mmoja wao pengine ndiyo mali yako yote. Utamjuaje wa kweli?

Jibu langu ni moja, na sura hii yote inalitetea. Komisiyoneri wa kuaminiwa ni yule anayefanya kazi yake mbele za watu. Anataka majirani wajue, anataka ndugu wakubali, anataka muuzaji na mnunuzi waonane uso kwa uso, anataka kila faranga iandikwe. Anayekuomba ukae kimya ana faida katika ukimya huo, na faida hiyo inatoka kwenye nyumba yako.

Sikiliza anauliza nini kwanza

Tuchukue mfano wa mama mjane wa Magara, niliyemtunga ili tuelewane. Mumewe amefariki, watoto wanasoma Bujumbura, naye anataka kuuza nyumba ahamie kwa dada yake. Wanakuja madalali wawili, kila mmoja kwa siku yake.

Wa kwanza anasema akiwa bado amesimama: "Mama, unataka ngapi? Nina mtu, pesa anazo mkononi, ila anataka jibu leo."

Wa pili anakaa, anatoa pole ya msiba, kisha anauliza: "Mama, nyumba hii imeandikwa kwa jina la nani? Watoto wa marehemu ni wangapi, na wote wanajua kwamba unauza? Dada za marehemu je? Mpaka ule wa upande wa jirani uliwekwa lini, na alikuwepo nani?"

Yule wa kwanza anafurahisha na wa pili anachosha. Lakini maswali ya wa pili hayakwepeki. Usipoyajibu leo nyumbani kwako, utayajibu mbele ya mnunuzi aliyeanza kusitasita, au mbele ya hakimu baada ya pesa kutumika. Burundi imekaa miaka mingi bila sheria iliyoandikwa ya mirathi, na mila ndiyo iliyoamua nani arithi nini. Kwa hiyo binti aliyeachwa kando wakati wa kugawana anaweza kurudi na madai yake siku nyumba inapouzwa, na wengi wetu tunajua moyoni kwamba madai yake yana haki. Komisiyoneri anayewatafuta warithi wote kabla ya kumtafuta mnunuzi anakukinga wewe, anamkinga mnunuzi, na anajikinga mwenyewe.

Baada ya kusikiliza maswali yake, nawe muulize lako: nani aliuza kupitia kwako hivi karibuni? Akutajie watu watatu. Uende kwao bila yeye, na usiwaulize kama ni mtu mzuri, maana kila mtu atasema ni mzuri. Waulize mambo yanayohesabika. Mnunuzi ulimwona lini kwa macho yako? Bei uliyosaini wewe ndiyo aliyolipa yeye? Pesa ulizihesabu mbele ya nani? Komisheni ilibaki ile mliyoahidiana, au siku ya mwisho iliongezeka? Kisha tafuta walau mtu mmoja aliyenunua kupitia kwake, umuulize kama alichoambiwa ndicho alichokikuta. Anayemdanganya mnunuzi leo ili akusaidie wewe atakudanganya wewe kesho ili amsaidie mwingine.

Ardhi yenye kumbukumbu

Katika pwani hii swali la nani alikuwa hapa kabla yako ni zito kuliko kwingine. Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulianza upande wa Rumonge na Nyanza-Lac. Mauaji yaliyofuata yalienea nchi nzima, na watu wengi sana wakakimbia. Wengi wa pwani walivuka hadi Tanzania, wakaishi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao mashamba hayakukaa tupu. Mengine yalichukuliwa na majirani, mengine yakagawiwa wengine, mengine yakaingizwa katika miradi ya michikichi ya serikali. Miaka ilipita, watoto wakazaliwa pande zote mbili za mpaka, na kila upande ukaamini kwa dhati kwamba ardhi ni yake.

Mkataba wa Amani wa Arusha wa Agosti 2000 ulilitaja suala hili waziwazi. Mwaka 2006 ikaundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, na baadaye mahakama maalumu ya kushughulikia mashauri hayo. Katika miaka yake ya mwanzo tume ilipendelea waliorudi na waliokuwepo wagawane. Baadaye msimamo ukageuka, mali ikaelekezwa zaidi kwa mwenye asili. Kwa hiyo viwanja viwili vinavyopakana vinaweza kuwa vilipitia maamuzi ya aina mbili tofauti, na baadhi ya familia bado zina maumivu.

Komisiyoneri mwaminifu anaijua historia hiyo, haikwepi na haitumii kuwatisha watu. Atakuuliza kama nyumba yako iliwahi kufikishwa kwenye tume, kama kuna uamuzi ulioandikwa, na kama kuna familia iliyorudi kutoka Tanzania inayoelekeza kidole kiwanjani kwako. Akikuta jambo halijaisha, atakwambia uliishe kwanza. Ushauri huo unamchelewesha kupata komisheni yake, na hapo ndipo unapoiona thamani yake. Yule anayesema "hayo ya zamani usiyataje kwa mnunuzi" anakuandalia kesi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Muuzaji anayeficha kasoro ya mali yake naye hauzi, anaahirisha ugomvi tu.

Kuna jambo dogo la makaratasi ambalo matapeli wamelipenda. Muhuta ilikuwa chini ya Bujumbura Vijijini hadi Machi 2015, mkoa wa Rumonge ulipoundwa. Kisha sheria ya 2023 ikapunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na komine kutoka 119 hadi 42, na katika mpango huo mpya Muhuta imo katika mkoa wa Bujumbura. Hivyo nyumba ileile inaweza kuwa na karatasi zenye majina tofauti ya mkoa, kulingana na mwaka zilipoandikwa. Mtu akikuambia kwamba hati yako imekufa kwa sababu mkoa umebadilika jina, na kwamba uuze haraka kabla watu hawajagundua, mfungulie mlango atoke. Kubadilika kwa jina la mkoa hakumnyang'anyi mtu mali yake. Kinachotakiwa ni kwenda ofisini kuoanisha kumbukumbu, na komisiyoneri anayejua kazi yake atakupeleka huko mwenyewe.

Maji na mlima

Yapo mambo mawili ambayo kila mnunuzi mwerevu wa Muhuta atayauliza, na ambayo dalali mwongo hupenda kuyaruka: ziwa litafika wapi, na mlima utashuka lini.

Tanganyika hupanda na kushuka. Wazee wanakumbuka maji makubwa ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, yaliyofikia kilele mwaka 1964. Tangu 2020 ziwa likapanda tena kwa nguvu, na mwaka 2024 nyumba, bandari na fukwe za pwani ya Burundi zikaingiwa na maji. Sheria ya Maji ya Machi 2012 iliweka ukanda wa hifadhi wa mita 150 kutoka ufukweni mwa Tanganyika. Mahali ambapo lami yenyewe inapita karibu kabisa na maji, mita 150 zinaweza kumeza kiwanja kizima. Ukitaka kuuza nyumba ya upande wa ziwa, komisiyoneri wako aje na futi ya kupimia, apime mbele yako, na aseme ukweli huo kwa mnunuzi kabla mnunuzi hajauliza. "Mguu mmoja uko majini" ni sifa tamu ya kutangazia nyumba, lakini kwa hapa ni sifa yenye hatari ya kisheria na ya mafuriko.

Upande wa pili ni mlima. Mwishoni mwa Machi 2015 mvua kubwa iliporomosha mawe na tope juu ya Gitaza, watu wakafa, nyumba zikafunikwa, barabara ikakatika. Mwenye nyumba iliyo chini ya genge au kando ya korongo anajua maji hupita wapi kila masika. Aseme. Kama amechimba mitaro, amejenga ukuta wa mawe au amepanda matete, aonyeshe, maana kazi hiyo ina thamani na mnunuzi anapaswa kuilipia. Dalali mzuri hujua kutofautisha nyumba ambayo kasoro yake imeshughulikiwa na ile ambayo kasoro yake imepakwa rangi.

Barabara nayo inaleta uvumi. Benki ya Maendeleo ya Afrika iligharimia ukarabati wa kilomita 45 kati ya Rumonge na Gitaza, na kila barabara inapotanuliwa, minong'ono huitangulia greda. "Nyumba yako itavunjwa, serikali haitalipa kitu, niuzie mimi leo." Au kinyume chake: "Lami ikija bei itapanda mara tatu, nipe nyumba niishikilie." Maneno yote mawili yana dawa moja, nayo ni kwenda komine kuuliza ukanda wa barabara unaishia wapi mbele ya kiwanja chako. Komisiyoneri anayekataa mwende huko ameshajibu swali.

Bei, na kilicho juu ya bei

Hila moja ya kale katika udalali ni cha juu. Wewe unasema unataka milioni 60. Dalali anamwambia mnunuzi milioni 75. Mnunuzi anapunguziwa kidogo, anashukuru, analipa milioni 72, wewe unapokea 60 na bado unamlipa dalali komisheni yake. Milioni 12 zimepotea kati ya watu wawili ambao hawakuwahi kuzungumza. Hila hii inaishi kwa sharti moja tu, kwamba muuzaji na mnunuzi wasionane. Waonane siku ya makubaliano, bei iandikwe kwenye karatasi moja yenye saini zao wote wawili, na hila imekwisha.

Kuna jambo jingine ambalo halihitaji uongo wowote, nalo humgusa hata dalali mwema. Wachumi wawili wa Marekani, Steven Levitt na Chad Syverson, walichunguza mauzo ya nyumba karibu 100,000 katika eneo la Chicago, wakachapisha matokeo yao mwaka 2008. Waligundua kwamba madalali walipouza nyumba zao wenyewe waliziacha sokoni kwa siku tisa na nusu zaidi, na wakazipatia bei ya juu kwa takriban asilimia 3.7 kuliko nyumba za wateja wao zilizofanana nazo. Kwa mali yao walivumilia. Kwa mali ya wengine walifunga biashara mapema.

Hesabu ya huku inaonyesha kwa nini. Tuseme mmekubaliana komisheni ya asilimia 5. Nyumba ikiuzwa leo kwa milioni 60, dalali anapata milioni 3. Akisubiri miezi miwili na kuiuza kwa milioni 64, wewe unabakiwa na milioni 3 na laki 8 zaidi, lakini yeye anaongezewa laki 2 tu kwa miezi miwili ya simu, nauli na kupeleka watu kuangalia. Ndiyo maana atakusukuma ukubali ofa ya kwanza, na pengine hata yeye hatambui kwamba anakusukuma.

Njia mojawapo ya kusahihisha hilo ni kupanga komisheni kwa ngazi. Mpe asilimia 3 kwa bei ya chini mliyokubaliana, na asilimia 10 ya kila kinachozidi hapo. Kwa milioni 60 atapata milioni 1 na laki 8; kwa milioni 64 atapata milioni 2 na laki 2. Sasa kuvumilia kunamlipa mara mbili ya kule, na ile tamaa ya cha juu imepewa mlango halali, unaoonekana na wote. Komisiyoneri akiuona mpango huu na kuufurahia, ni ishara njema. Akiukataa kwa sababu "kazi yetu haiandikwi hivyo", muulize inaandikwaje.

Bei yenyewe isitoke kinywani mwa mtu mmoja. Uliza nyumba zilizouzwa karibu nawe ziliuzwa kiasi gani kwa kweli, maana kati ya kuombwa milioni 80 na kuuzwa kwa milioni 55 ndimo ulimo uelewa wa soko. Wapate madalali wawili au watatu wakutajie bei na sababu zake. Jihadhari na anayetaja bei ya juu kabisa bila sababu yoyote. Huyo huenda anataka kukushika kwanza, kisha akushushe wiki baada ya wiki mpaka uchoke.

Karatasi, mashahidi, pesa

Mali bila daftari hupotea bila habari, na makubaliano yako na komisiyoneri ni mali. Yaandikwe kabla hajamleta mtu wa kwanza. Ukurasa mmoja unatosha: nyumba ipi na mipaka yake, bei ya chini, komisheni na siku ya kuilipa, nani anabeba gharama za safari, mkataba unaisha lini, na itakuwaje ukimpata mnunuzi wewe mwenyewe. Miezi mitatu ni muda wa haki. Waislamu wa Rumonge wanajua kwamba aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara inaagiza deni liandikwe na mashahidi wawepo, na Wakristo wa kilimani wamezoea bashingantahe, wazee waamuzi wa mila, kusikiliza makubaliano ya ardhi. Dini na mila zote zimetufundisha jambo hili. Kilichobaki ni kulitenda hata na mtu tunayempenda.

Karatasi za nyumba zenyewe usimpe. Mpe nakala. Kama unayo hati miliki, mwisho wa safari yake uko kwa mhifadhi wa hati za ardhi. Kama unacho cheti cha ardhi, kile kinachotolewa na huduma ya ardhi ya komine chini ya Sheria ya Ardhi ya Agosti 2011, mwisho wa safari yake uko komine. Kama una karatasi ya kuandikiana tu yenye saini za wazee, fikiria kutafuta cheti kabla ya kuuza. Watu wa kilima watakuja kuhakiki mipaka hadharani, na nyumba iliyohakikiwa hadharani ni rahisi kuinadi.

Pesa zipite benki, kutoka akaunti ya mnunuzi hadi akaunti yako, na komisheni uilipe wewe baada ya hapo. Anayesisitiza begi la noti anakuletea hatari ya wizi na ya noti zenyewe. Juni 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilitoa siku kumi tu kwa noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000 kurudishwa, na waliokuwa wameweka akiba kubwa nyumbani walihangaika kwenye foleni.

Anayeuza akiwa ng'ambo awe makini mara mbili. Hati ya uwakala inayompa mtu mmoja mamlaka ya kutafuta mnunuzi, kusaini na kupokea pesa imempa nyumba yenyewe. Yagawe hayo matatu. Komisiyoneri atafute mnunuzi, ndugu unayemwamini asaini kwa hati inayotaja nyumba hiyo moja na bei ya chini, na pesa ziingie kwenye akaunti yenye jina lako. Kisha mpigie simu jirani yako wa zamani, mwambie unauza, umuulize anasikia nini. Jirani aliyeambiwa ni mlinzi asiyelipwa.

Ukimpata, mlipe

Tumesema mengi juu ya madalali waongo. Ni haki kusema na la wauzaji. Komisiyoneri mkweli wa Muhuta hupoteza biashara kila mwezi kwa sababu ya ukweli wake: amemwambia mnunuzi kuhusu korongo, mnunuzi ameondoka, amemwambia muuzaji awaite dada zake, muuzaji amemtafuta dalali mwingine asiyeuliza. Na mara nyingi, akishaleta mnunuzi mzuri, muuzaji na mnunuzi huelewana pembeni ili wasimlipe. Wanacheka kwamba wameokoa milioni mbili. Wamemfundisha kwamba mwaka ujao aweke cha juu mapema, kabla hawajamzunguka.

Kwa hiyo ukimpata mtu anayeuliza kabla ya kutaja bei, anayekupeleka ofisini, anayekukutanisha na mnunuzi na kuandika kila kitu, mlipe kiasi mlichoandikiana, siku mliyoandikiana, mbele ya mashahidi walewale. Halafu mtaje kwa jina kila unapoulizwa. Pasipo rejista, sifa ya kweli inayotolewa na aliyeuza na kulipa ndiyo rejista tuliyo nayo, na sisi wauzaji ndio tunaoiandika.